Uyoga wa Bibi Elvira

Najua hamtaniamini. Hata mimi ningesimuliwa haya na mtu mwingine ningemwambia dada, nenda kalale, umechoka. Lakini naapa kila neno lilitokea, tena lilitokea ndani ya siku moja na asubuhi yake, na chanzo ni uyoga. Ndiyo, uyoga. Kaeni vizuri.

Naitwa Ylva, mtoto wa Malmö, kusini kabisa, ambako uyoga tunaununua dukani umefungwa kwenye plastiki. Mchumba wangu, hapana, tuseme mpenzi wangu, maana huo uchumba ndio kesi yenyewe, anaitwa Torkel. Fundi umeme, mtu wa Jämtland huko kaskazini, mrefu mpaka anainama kwenye kila mlango. Tulikuwa tunaingia mwaka wa nne.

Mwezi wa pili mamaangu alifariki. Tangu siku ile nilikuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno, ile ukigusa shavu lako unaona kama umegusa la mwenzako. Sikulia hospitalini. Sikulia kanisani. Mimi! Mimi niliyekuwa nalia hata nikiona tangazo la maziwa!

Mamaake Torkel, mama Gunvor, alikuja mazishini. Akaniona nazunguka na birika la kahawa nikiuliza nani anataka sukari, simu mkononi, nawajibu walioniandikia pole. Akamgeukia mwanawe, wala hakushusha sauti.

“Asiyemlilia mamaake, wewe atakulilia lini?”

Nilisikia vizuri sana. Haikuniuma. Nikasimama pale na birika langu nikingoja iniume, ikagoma.

Ndiyo maana ilipofika Septemba Torkel akachukua likizo ya siku kumi. Akalifufua gari letu la kulala la mwaka themanini na saba, rangi yake kama maziwa yaliyolala, ambalo tulilipa jina Shangazi Rut.

“Hatuwahi popote,” akaniambia. “Tunapita njia ndogondogo tu. Tukiona ziwa zuri tunasimama. Ukichoka tunalala.”

“Na mvua ikinyesha?”

“Tunalala zaidi.”

Shangazi Rut nikamfungulia ukurasa wake mtandaoni. Wafuasi mia mbili na kumi na wawili, nusu yao ndugu wa Torkel. Mimi na Torkel wote tulikuwa na nywila, kwa hiyo kilichowekwa pale kimewekwa na Rut, haijulikani ni kidole cha nani.

Siku tano tukaenda hivyo. Asubuhi ukungu umelala juu ya maziwa, miti ya mibetula imekuwa ya manjano mpaka macho yanauma, na kule juu milimani nyasi zote nyekundu. Kulungu wa kufugwa wanasimama katikati ya barabara, wanakutazama kama wewe ndiye umepotea. Torkel anazima gari, tunangoja wapite, hana haraka. Ananitazama mimi badala ya kuwatazama wao. Mimi nilikuwa naona vyote. Nilijua ni vizuri, kama unavyojua kuwa mbili na mbili ni nne. Basi. Napiga picha, naweka mtandaoni, watu wanaandika “oooh”, nami nawaachia hiyo oooh wanisemee.

Siku ya sita Torkel akabadilika.

Aliamka kabla yangu, akachemsha kahawa, akatumbukiza vipande vya jibini ndani kama wanavyofanya kwao. Kahawa nusu ikaishia chini.

“Unaumwa?” nikamuuliza.

“Hapana.”

“Mbona unamwaga?”

“Upepo.”

Hakukuwa na upepo. Ziwa lilikuwa limetulia kama kioo.

Tukaondoka. Tukapita mahali fulani msituni, hakupunguza mwendo, ila macho yake yakabaki kwenye kioo. Akaenda mbele kilomita mbili hivi, akaegesha nyuma ya rundo la magogo. Mahali penyewe sitataja. Nimeshajifunza. Akachukua ndoo, akaishindilia ndani ya begi la mgongoni.

“Ndoo inaona baridi?”

“Mtu akiona ndoo atajua.”

“Atajua nini?”

“Ylva, tembea tu mpenzi.”

Tukatembea. Tukazunguka kilima, tukarudi tulikotoka kwa njia nyingine, tukavuka kijito kilekile mara mbili. Gari likisikika kule barabarani, ananivuta tunachutama nyuma ya msonobari.

“Torkel, tumeiba benki?”

“Shh!”

Tukatokea mahali ambapo misonobari imesimama mbalimbali na chini kumetanda kuvumwani laini kama godoro. Na juu ya hilo godoro, jamani, dhahabu! Uyoga wa manjano mzito, ule wenyewe ambao kila mtu kule anautafuta, umetapakaa mpaka huna pa kuweka mguu. Unanuka kama tunda lililoiva.

Torkel akavua kofia. Porini, akavua kofia.

“Bibi yangu Elvira alipagundua hapa mwaka arobaini na tatu,” akasema taratibu. “Hakumwambia mtu. Akaja kumwonyesha mama pale yeye mwenyewe alipoanza kuugua ule ugonjwa wake wa mwisho. Mama akanileta mimi nilipotimiza miaka kumi na minane.”

“Na babaako?”

“Baba alionyeshwa baada ya miaka kumi na moja ya ndoa.”

“Kumi na moja!”

“Na watoto wawili.”

“Na Disa?” Disa ni dadaake mdogo.

“Disa hajaletwa. Disa ana mdomo.” Akanisogelea. “Sasa nimekuleta wewe.”

Akanitazama. Ningekuwa na uwezo ningewaonyesha yale macho. Ya kijivu, yametulia, lakini ndani yake kuna mtu kasimama ukingoni anangoja aambiwe aruke au asiruke. Masikio yake yalikuwa mekundu.

“Umeelewa, Ylva?”

“Poa,” nikasema.

“Poa?”

“Pazuri sana. Poa kabisa.”

Akaendelea kunitazama kidogo. Halafu akavaa kofia yake, akapiga goti, akaanza kukata uyoga kwa kisu, mgongo wake kwangu. Nikasimama nikiungoja moyo wangu ufanye chochote, hata kuruka pigo moja. Ulikuwa unadunda tu kama saa ya ukutani nyumbani kwa mtu. Nikatoa simu. Sekunde tisa, dhahabu yote ile, bila sura ya mtu wala sauti.

Jioni tukapiga kambi kando ya ziwa jingine, mwendo wa saa moja kutoka pale. Torkel akaukaanga ule uyoga kwa siagi, akaumwaga juu ya mkate mwembamba. Hakuongea. Nikadhani amechoka. Nikaiweka ile video kwa Shangazi Rut, nikaandika chini yake, “Leo msituni.” Basi. Mtoto wa Malmö, kwetu ukiona kitu kizuri unawaonyesha watu! Mahali sikuandika mimi. Simu iliandika yenyewe pale video ilipopigwa, kwa herufi ndogo, na kinukta chake kwenye ramani.

Asubuhi nikakuta simu thelathini na moja zilizopigwa nikiwa nimelala. Nikiwa bado nazihesabu ikaita ya thelathini na mbili. Disa. Nikaweka sauti ya juu, Torkel alikuwa anapiga mswaki mlangoni.

“Wifi! Wifi, mmefanya nini?”

“Kwani vipi?”

“Niko hapa!”

“Hapa wapi?”

“Pale! Pale pa bibi! Miaka ishirini na sita napatafuta, nimekuja kupapata kwa simu! Wifi, kuna magari kumi na tisa. Kuna Wajerumani. Kuna mama mmoja kaja anasukuma kigari cha mtoto na mtoto hana!”

Mswaki wa Torkel ukasimama mdomoni.

“Wewe umeokota?” nikauliza. Hata sijui kwa nini ndilo lililonijia.

“Kidogo. Ndoo mbili. Lakini sikia, mama yuko njiani anakuja kwenu, Torkel alimwambia jana mnalala ziwa gani. Baba anaendesha. Mama hata aproni hajavua. Nawaombea!”

Ikakatika.

Torkel akatema povu kwenye nyasi. Akafuta mdomo. Hakupiga kelele, kwao hawapigi kelele, na ningempa chochote apige.

“Ni wewe?”

“Simu ndiyo iliyoandika maha...”

“Ni wewe au ni simu?”

“Ni mimi.”

Akakaa kwenye ngazi ya Shangazi Rut. Nami nikakaa chini, kwenye nyasi zenye umande, nikaona suruali inalowa, nikaiacha ilowe.

“Unajua jana nilikuwa nakuuliza nini?” akasema.

“Hukuniuliza kitu.”

“Nilikuuliza, Ylva. Mama alimpa baba pete kwanza, halafu pale akampa baada ya miaka kumi na moja. Mimi nikasema wewe nakupa pale kwanza. Hakuna mtu kwetu aliyewahi kufanya hivyo. Usiku mzima sikulala. Nilikuwa nakuomba unikubali nikuoe, na wewe ukasema poa.”

“Ungesema kwa mdomo!”

“Sisi hatujui kusema kwa mdomo.” Akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyepigwa. “Ndiyo maana tuna misitu.”

“Basi nigombeze.”

“Sitaki kukugombeza. Nataka wewe ugombe. Tangu mwezi wa pili nangoja. Upige kelele, uvunje sahani, unitukane mimi na mama. Chochote.” Akashuka, akachutama mbele yangu, akanishika magoti. “Unanipenda?”

“Najua kwamba nakupenda.”

“Sijakuuliza unajua nini. Unasikia chochote humo ndani?”

Ningemdanganya. Ilikuwa rahisi. Lakini yale macho yalikuwa karibu mno.

“Mkono ukifa ganzi,” nikamwambia, “si bado ni mkono wako?”

“Ni wangu,” akasema. “Ila huwezi kushikia kitu.”

Ndipo tukasikia gari kwenye changarawe. Torkel akasimama haraka.

“Nitakachosema, nyamaza. Chochote kile. Unanisikia? Nyamaza.”

Wa kwanza kushuka alikuwa baba Rune, na kofia yake ya kuwindia ya rangi ya machungwa. Walikuwa wamemtoa mawindoni, katikati ya wiki ambayo mwanamume wa kule hatoki mawindoni hata nyumba ikiungua. Akasema “Habari zenu,” akaenda moja kwa moja kukagua matairi yetu, akawa anayapiga teke moja moja. Wa pili mama Gunvor, na aproni yake kweli, chupa ya kahawa kwapani, vikombe vinne vidoleni.

Akakaa kwenye kiti chetu cha kukunja, akamimina, akatugawia. Kule hata ukija kumnyonga mtu, kahawa kwanza. Tukanywa. Kijiko kikilia kwenye kikombe unasikia ng’ambo ya ziwa.

“Nani?” akauliza hatimaye.

“Mimi, mama,” Torkel akasema.

“Nilijua ni huyu.”

“Mama, nimesema mimi.”

“Wewe?” Akamgeukia taratibu. “Wewe unayeficha hata siku yako ya kuzaliwa?”

“Nilitaka kuringa. Watu waone. Nikasahau ile alama ya mahali.”

“Niangalie machoni.”

Akamwangalia. Mtu wa miaka thelathini, hajawahi kumdanganya mamaake, anashindwa hata kucheza karata. Akamwangalia machoni wala hakupepesa.

Mama Gunvor akalia. Si machozi ya pembeni ya jicho. Alilia kama mtoto, kahawa inaingia kwenye aproni.

“Mama hakuniachia shamba,” akasema. “Hakuniachia nyumba. Kitu kimoja tu, Torkel. Nikienda pale nilikuwa naongea naye. Sasa kuna Wajerumani!”

Nilikuwa namtazama mwanamke analia kwa ajili ya mamaake, na mimi ndiye niliyemliza, na mimi pia sina mama. Mtu yeyote pale angeanguka. Mwenzenu nilikuwa nawaza kwamba kahawa imeshapoa.

Akajifuta kwa kiganja.

“Wewe ni mwanangu,” akamwambia. “Nitakununia mpaka Krismasi, halafu itaisha. Lakini ingekuwa yeye,” akaninyooshea kikombe, “naapa kwa kaburi la mama, kizingiti changu asingekikanyaga. Na wewe ungechagua, yeye au sisi.”

“Gunvor,” baba Rune akasema huko kwenye matairi.

“Usinigunvor!”

Halafu akanigeukia mimi. Nikajiandaa kwa lolote, si unajua tena, mtu asiyesikia maumivu hujiandaa haraka.

“Alikuonyesha lini?”

“Jana.”

“Kabla ya pete?”

“Ndiyo, mama.”

“Huyu baba yao nilimficha miaka kumi na moja.”

“Na nusu,” baba Rune akasema.

Mama Gunvor akaweka kikombe chini. Akanijia. Akanikumbatia! Miaka yote hii hakuwahi kunipa zaidi ya ncha za vidole, leo ananikumbatia, ananuka hiliki na mbwa wa kuwindia.

“Pole, mwanangu,” akasema shingoni kwangu. “Mtu anakupa kitu kama kile, halafu siku hiyohiyo anakiharibu. Pole sana.”

Mwanangu. Aliniita mwanangu.

Akanishika mkono akanivuta mpaka kwenye maji, mbali na wanaume. Akatazama nyuma, akateremsha sauti.

“Nisikilize. Mama Elvira hakuwa mjinga. Alikuwa na pawili.”

“Pawili nini?”

“Pa kwanza ndipo pale. Pa pili Torkel hapajui. Rune hapajui, na atakufa hapajui. Mama alisema pa pili ni pa mabinti. Disa nampenda, lakini nikimwambia asubuhi, mchana litakuwa redioni.” Akaniminya vidole. “Wewe nilikuona mazishini nikakuchukia. Nikasema huyu ni jiwe. Sasa hivi nakunywa kahawa nakutazama, sote tumechanganyikiwa, wewe umekaa kimya. Nikasema, Gunvor, ulikosea. Mtu anayeweza kubeba uchungu wote ule bila kudondosha tone, huyo ndiye wa kukabidhiwa siri.”

Nikamtazama.

“Twende sasa hivi,” akasema. “Mimi na wewe tu, Rune abaki na Torkel. Ndoo ninayo kwenye gari. Hiyo simu mwachie Torkel. Wewe nakuamini, hivi vyombo ndio siviamini.”

Torkel alikuwa kasimama kando ya Shangazi Rut. Sijui alisikia au aliona tu namna mamaake alivyonishika. Nilipomfikia kumpa simu alikuwa mweupe kama karatasi.

“Usimwambie,” akanong’ona. “Kaapa kwa kaburi la bibi. Hawezi kurudi nyuma hata akitaka. Utanipoteza, na mimi nitakupoteza.”

“Na nisipomwambia?”

“Mzigo nitaubeba mimi. Nimeshaubeba.” Akachukua simu, hakuachia vidole vyangu. “Ila sitakuuliza tena, Ylva. Ukiingia kwenye lile gari nitajua umenikubali. Usipoingia, nitajua pia.”

“Mwanangu!” mama Gunvor akaita. Alikuwa kaufungua mlango wa upande wangu, kaushikilia, upepo unachezea aproni yake. Miaka themanini hakuna mtu wa nje ya damu yao aliyeonyeshwa pale pa pili, na mama Gunvor alikuwa anatabasamu, macho bado yamevimba kwa kosa nililofanya mimi.

“Mama Gunvor,” nikasema.

“Ee, mwanangu?”

Nikangoja aibu ije. Nilijua inavyokuja, inaanzia shingoni. Nikangoja na hofu, na furaha, hata huruma tu kwa yule mama. Nilisimama pale kama mtu anayengoja basi kwenye njia iliyofutwa tangu mwaka jana. Torkel nyuma yangu hapumui. Baba Rune kaacha matairi, anatutazama.

“Ngoja nivae mabuti,” nikasema.

Nikavaa. Buti la kushoto, la kulia. Nikavuka nyasi, nikaingia kwenye gari, na mama Gunvor akanifunga mkanda kwa mikono yake mwenyewe, kama mamaangu alivyokuwa akinifunga nikiwa mdogo.

Wewe ungeingia?